Chelezo cha Sokcho

Mabaharia wa Uswahilini wana msemo wa zamani: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mtu atazunguka chomboni apendavyo, atasimama omo akitazama mawimbi, atakwenda tezi akazungumze na nahodha, lakini mwisho wa yote atateremka ngamani. Msemo huu una utulivu mkubwa ndani yake, kwa sababu hauna shaka kwamba ngama ipo na kwamba njia ya kuirudia iko wazi. Katika pwani ya mashariki ya Korea upo mji uitwao Sokcho, ambao wengi wa walioukuza waliondoka makwao kwa imani hiyo hiyo. Walidhani wanatoka kwa siku chache, vita vipite, kisha warejee. Zaidi ya miaka sabini imepita na njia haijafunguliwa. Wageni, kwa upande wao, hufika Sokcho kwa wepesi mkubwa; huogelea, hula, hupanda mlima, hununua zawadi na kurudi Seoul jioni ya siku ya pili. Hivyo mji mmoja umebeba safari mbili: ya wanaokwenda na kurudi watakavyo, na ya waliozuiliwa kurudi. Anayetaka kuujua mji huu hana budi kuzifuata zote mbili, naye aanze na iliyo nyepesi.

Sokcho iko kaskazini-mashariki ya Korea Kusini, katika mkoa wa Gangwon, umbali wa kilomita mia mbili hivi kutoka Seoul kwa barabara. Wakaazi wake ni kama 80,000. Mbele yake ni bahari ambayo Wakorea huiita Bahari ya Mashariki. Nyuma yake ni milima ya Taebaek, iliyosimama karibu mno na pwani hata mtu aliyeko ufuoni huiona theluji ya kileleni. Ndani ya mji mna maziwa mawili, Cheongchoho na Yeongnangho, ambayo zama za kale yalikuwa hori za bahari, hata mchanga ulipojikusanya ukaziba midomo yake. Nchi hii inasifika kwa treni zake za kasi, lakini reli ya kutoka Chuncheon hadi Sokcho ilianza kujengwa mwaka 2022 tu. Mpaka itakapokamilika, mgeni wa Sokcho ni mgeni wa basi.

Mabasi hayo huondoka Seoul katika vituo viwili. Kimoja ni Kituo cha Mabasi ya Kasi kilichoko Gangnam, kusini ya Mto Han. Cha pili ni Dong Seoul, upande wa mashariki wa jiji. Kila kimoja kina mwenziwe huko Sokcho. Basi la Gangnam aghalabu hushusha abiria karibu na ufuo wa kuogelea, mwendo wa dakika chache kwa miguu. La Dong Seoul hushusha mtaa wa Dongmyeong, kaskazini ya mji, karibu na bandari ya wavuvi. Mgeni asiyelijua hili huweza kukata tiketi ya kituo kimoja akaenda kulisubiri basi katika kingine, na umbali baina yao haukimbiliki kwa mtu mwenye mizigo. Viti vina nambari, basi huondoka kwa dakika iliyoandikwa, na abiria wengi hulala kabla ya kutoka jijini. Safari huchukua saa mbili na nusu hivi barabara ikiwa shwari. Katika siku za mapumziko ya kiangazi, na Oktoba majani ya milimani yanapogeuka mekundu, Seoul nzima huwa na nia moja, na saa hizo huongezeka.

Wepesi huu ni wa juzi. Kwa karne nyingi milima ya Taebaek iliwatenga watu wa pwani na mji mkuu, na njia zilikuwa ni zile zinazopanda na kushuka katika mapito ya Misiryeong na Hangyeryeong, zenye kona nyingi na theluji ya kutisha. Mwaka 2006 handaki lilipitishwa chini ya Misiryeong. Kisha, tarehe 30 Juni 2017, sehemu ya mwisho ya barabara kuu ya Seoul hadi Yangyang ilifunguliwa, pamoja na handaki la Inje lenye urefu wa karibu kilomita 11, refu kuliko mahandaki yote ya barabara nchini humo. Wajenzi waliona kuwa dereva anayekwenda masafa hayo chini ya mlima huweza kusinzia, wakaipinda njia kidogo na kuweka taa za rangi zinazofananisha dari na mbingu. Abiria anayechungulia dirishani huziona rangi hizo zikipita juu ya kichwa chake, na punde basi linatokea upande wa pili, ambako aghalabu hata hali ya hewa ni nyengine. Mlima uliowashinda wasafiri wa enzi zote humalizika kabla ya mtu kumaliza kikombe chake cha kahawa.

Hata hivyo, si kweli kwamba Sokcho haijapata kuwa na reli. Wakati wa utawala wa Wajapani ilijengwa njia ya treni kutoka Anbyeon, karibu na bandari ya Wonsan, ikateremka kando ya pwani hadi ikafika Yangyang mwaka 1937. Ilipita Sokcho. Jambo la kuzingatia ni upande iliotokea: ilitokea kaskazini. Mtu wa Sokcho wa miaka ile aliyetaka kwenda mjini, kuuza samaki au kumtembelea jamaa, aliutazama Wonsan kuliko Seoul. Mlango mkuu wa mji ulikuwa upande ambao leo ni ukuta. Vita viliiharibu reli ile, na mji ukageuzwa uso. Ulipopata tena njia nzuri, ilikuwa ya magharibi, iliyotobolewa mlimani.

Akishateremka kwenye basi, mgeni huona kwanza ufuo. Ni ufuo mpana wa mchanga, wenye misonobari nyuma yake na kisiwa kidogo cha Jodo mbele. Kiangazi hujaa watu hata mchanga hauonekani. Majira ya baridi hubaki kwa wapenzi wawili wawili na kwa wazee wanaotembea kwa afya zao. Mji wenyewe si mkubwa, na mabasi ya mjini hufika kila mahali kwa kadi ile ile anayotumia mtu Seoul. Basi nambari 7 na 7-1 hupita mjini kisha huelekea mlima Seoraksan, na bila shaka ndiyo yanayobeba wageni wengi zaidi. Asiyejua kusoma maandishi ya Kikorea ajifunze walau nambari na majina matatu manne ya vituo, kwani madereva hawana muda wa maelezo marefu, ingawa abiria, hasa kina mama wa makamo wanaotoka sokoni na vikapu vyao, humwonea mgeni huruma na kumgusa bega kituo chake kinapofika.

Ramani nazo zina kisa chake Sokcho. Kwa miaka mingi serikali ya Korea Kusini ilikataa kutoa nje ya nchi takwimu za kina za ramani zake, kwa hofu ya adui wa kaskazini, na ndiyo maana wageni huambiwa watumie programu za wenyeji kama Naver na Kakao. Mnamo Julai 2016 mchezo wa simu uitwao Pokémon Go ulipoenea duniani, haukuwa ukifanya kazi Korea Kusini. Ghafla ikagundulika kwamba unafanya kazi Sokcho na pembezoni mwake. Watengenezaji wa mchezo walikuwa wameigawa dunia kwa viunga vikubwa, na kiunga kilichoifunika Korea Kusini kiliiacha nje kona hii ya kaskazini-mashariki. Vijana wakakimbilia vituo vya mabasi. Tiketi za Sokcho zikamalizika. Barabara za mji zikajaa watu walioinamia simu zao. Januari 2017 mchezo ulifunguliwa nchi nzima, na vijana wakabaki makwao. Watu walicheka sana. Lakini mzee wa Sokcho aliyelisikia jambo hilo huenda hakucheka kwa kiasi hicho, kwa sababu haikuwa mara ya kwanza mji wake kuwekwa upande huu au ule kwa mstari uliochorwa na mtu asiyepata kuukanyaga.

Mwaka 1945, Wajapani waliposhindwa, Korea iligawanywa kwa mstari wa latitudo ya 38. Sokcho iko juu kidogo ya mstari huo, kwa hiyo ikawa Kaskazini. Vita vilipoanza mwaka 1950 majeshi yalipanda na kuteremka katika pwani hii, na mkataba wa kusimamisha mapigano ulipotiwa saini tarehe 27 Julai 1953, mstari mpya ulipita juu zaidi ya mji. Sokcho ikawa Kusini. Mvuvi ambaye hakuhama nyumba yake katika muda wote huo alikuwa ameishi chini ya Wajapani, chini ya serikali ya Kaskazini, na chini ya serikali ya Kusini, huku akitia nyavu zake katika maji yale yale.

Wengine walihama. Katika majira ya baridi ya 1950 kuamkia 1951, majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliporudi nyuma mbele ya jeshi la China, watu wa mkoa wa Hamgyong, ulioko mbali kaskazini, walikimbia kwa miguu, kwa mashua na kwa meli. Kutoka bandari ya Hungnam peke yake raia wapatao laki moja walichukuliwa na meli mnamo Disemba 1950. Walishushwa kusini kabisa ya nchi. Lakini wengi hawakutaka kukaa kusini. Kila jeshi liliposonga mbele nao walisogea kaskazini nyuma yake, ili siku njia itakapofunguliwa wawe wa mwanzo kuingia makwao. Mwendo huo uliwafikisha Sokcho, na hapo ukakatika. Walikuta fungu la mchanga baina ya ziwa Cheongchoho na bahari, mahali ambapo wenyeji hawakuona maana ya kujenga. Wakajenga vibanda vidogo vya muda, vya mbao na chochote kilichopatikana. Kwani nani ajenge nyumba ya mawe mahali atakapoondoka mwezi ujao? Wakajipanga kwa asili zao, wa Sinpo pamoja, wa Hongwon pamoja, wa Tanchon pamoja, kama watu waliopanga foleni mlangoni. Mtaa huo kwa jina la serikali ni Cheongho-dong. Kwa jina la watu ni Abai, na abai kwa lahaja ya Hamgyong ni neno la kumwitia babu au mzee mwanamume.

Baina ya fungu hilo la mchanga na mji kuna mfereji mwembamba wa maji, upana wake ni kama mita hamsini tu. Kwa miongo mingi njia ya mkato ya kuuvuka ilikuwa ni chelezo. Wakorea hukiita gaetbae. Ni jukwaa bapa lenye paa, halina injini, halina tanga wala kasia. Waya wa chuma umefungwa ng'ambo hii na ng'ambo ile na kupita ubavuni mwa chelezo. Mvushaji, na abiria yeyote mwenye nguvu na nia njema, huchukua kipande cha chuma chenye mdomo uliopinda, hukitia katika waya, hukibana, kisha hutembea kuelekea nyuma ya chelezo huku akivuta. Anavyokwenda nyuma ndivyo chelezo kinavyokwenda mbele. Afikapo mwisho wa sitaha huchomoa chuma, hurudi alikoanzia, na kuvuta tena. Kwa dakika chache na kwa nauli ya won mia chache mtu huwa amefika. Katika safari zote za kufika Sokcho na kuzunguka Sokcho hakuna iliyo fupi kuliko hii, na hakuna inayomfanya mgeni atumie mikono yake isipokuwa hii.

Zamani chelezo hicho hakikuwa mchezo. Watoto wa Abai walikipanda kwenda skuli, kina mama walikipanda na samaki kwenda sokoni, na usiku mtu aliyechelewa alisimama ng'ambo akaita. Leo waliomo wengi ni watalii, na wengi wao huvuta waya wakipigwa picha. Hili huwaudhi baadhi ya watu wanaopenda mambo yabaki katika huzuni yake. Lakini chelezo kisichokuwa na abiria huoza, na mtaa usiokuwa na mgeni huondoka na vijana wake. Tamthilia ya televisheni ya KBS iitwayo Gaeul Donghwa, iliyoonyeshwa mwaka 2000, ilipigwa kwa sehemu katika mtaa huu, na watazamaji wake kutoka Korea na nchi jirani walikuja kukitafuta chelezo walichokiona. Walikuja kumlilia mtu wa kubuni, na walipokuwa hapo wakauliza neno abai lina maana gani. Ndivyo wengi walivyopata kusikia habari za watu wa kweli.

Chakula cha mtaa huu nacho ni kumbukumbu. Sundae ya Abai ni utumbo mpana wa nguruwe uliojazwa wali, mboga na damu, Muislamu ataipita. Pale nguruwe alipokosekana, wakimbizi walitumia kilichojaa mashuani mwao, wakamjaza ngisi, na ngisi huyo leo hukatwa vipande vya duara, huchovywa katika yai na kukaangwa. Mwenye kujizuia na nguruwe aulize kabla ya kula, kwani wapo wanaotia nyama katika mjazo huo. Tambi za baridi za mtindo wa Hamhung huliwa hapa zikiwa zimewekwa juu yake vipande vya samaki vilivyokolezwa siki na pilipili, na zamani samaki maarufu wa pwani hii alikuwa myeongtae. Samaki huyo wa maji baridi alikuwa akivuliwa kwa wingi na kuanikwa milimani katika theluji. Kisha akatoweka katika maji ya Korea Kusini, na tangu mwaka 2019 kumvua ni marufuku. Anayeliwa Sokcho leo hutoka nje. Wakimbizi waliopoteza nchi wakajifariji kwa bahari, na bahari nayo ikawapunguzia.

Juu ya chelezo sasa yapo madaraja mawili makubwa yanayouunganisha mtaa wa Abai na mji pande zote mbili. Moja linaitwa Seorak na la pili Geumgang. Majina hayo ni ya milima. Seorak ni huu ulioko nyuma ya mji, ambao basi nambari 7 humfikisha mtu mlangoni kwake. Geumgang ni ule wa kaskazini, ng'ambo ya mpaka, ambao Wakorea kwa karne nyingi wameuhesabu kuwa mzuri kuliko yote. Mtu wa Abai akitoka nyumbani huweza kupita Seorak au kupita Geumgang kwenda kununua mboga.

Seoraksan ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970, na kilele chake kirefu, Daecheongbong, kina mita 1,708. Mwenye haraka hupanda kwa gari la waya hadi Gwongeumseong akaitazama bahari. Mwenye miguu huenda Ulsanbawi, jabali kubwa la vilele sita lililosimama kama safu ya meno, kwa ngazi nyingi za chuma. Juu yake kuna hadithi. Muumba alipotaka kuutengeneza mlima Geumgang aliyaita mawe mazuri yote ya Korea yakusanyike huko. Jabali la Ulsan, mji wa kusini, nalo likaanza safari, lakini lilikuwa zito na mwendo wake wa taratibu. Lilipofika hapa likapata habari kwamba Geumgang umekwisha kamilika na nafasi zimejaa. Likaona aibu kurudi, likakaa lilipo. Chelewa chelewa, wasema Waswahili, utamkuta mwana si wako. Hadithi hii ni ya kale kuliko vita na kuliko mpaka, wala haikutungwa kwa ajili ya wakimbizi. Lakini haiwezekani kuisikia leo, mtu ametoka Abai asubuhi, bila ya kumfikiria mwengine aliyekuwa njiani kwenda kaskazini akakwama papa hapa.

Inaendelea kusimuliwa kwamba mtawala wa Ulsan alikuja kudai kodi ya jabali lake kwa watawa wa hekalu la Sinheungsa. Mtawa mdogo, mtoto, akamwambia alichukue. Mtawala akajibu kwamba atalichukua wakilifunga kwa kamba ya majivu. Watoto na watawa wakasokota kamba ya majani makavu, wakalizungushia jabali, wakaichoma, na majivu yakabaki katika umbo la kamba. Mtawala akaondoka bila ya kodi wala jabali. Wengine husema jina la Sokcho, ambalo kwa herufi za Kichina lina maana ya kufunga majani, limetokana na kisa hicho. Hekalu la Sinheungsa lipo hadi leo kwenye njia ya kwendea jabali, na mbele yake ameketi Buddha mkubwa wa shaba aliyekamilishwa mwaka 1997. Jina lake ni Tongil, yaani Muungano.

Wageni wengi huishia hapo na kurudi kituoni. Anayeamua kwenda mbele huchukua barabara ya pwani kuelekea Goseong, wilaya ambayo yenyewe imekatwa mapande mawili, nusu huku na nusu kule. Barabara hupita ziwa Hwajinpo, ambako nyumba ya kupumzikia ya Kim Il-sung na ile ya Rhee Syngman, rais wa kwanza wa Kusini, zimehifadhiwa karibu karibu, kwa kuwa pahala hapo palipokezanwa na serikali mbili. Mabasi ya kawaida hukoma kabla ya mwisho wa nchi. Ili kufika Kituo cha Kuangalilia cha Muungano, mtu hujiandikisha, huonyesha hati zake, na kwenda kwa gari mpaka kilimani. Kutoka hapo, siku ya anga safi, huonekana mawe ya pwani ya Haegeumgang na sehemu ya mlima Geumgang. Hapana bahari baina yao wala mto mkubwa. Ni nchi kavu, yenye ufuo mweupe usiokanyagwa na mtu.

Si mbali na hapo ipo stesheni ya Jejin. Tarehe 17 Mei 2007 treni ya majaribio ilitoka upande wa Geumgang ikavuka mpaka na kusimama katika stesheni hiyo, kisha ikarudi. Miaka ile watalii wa Kusini walikuwa wakivuka kwa mabasi kwenda mlimani, tangu mwaka 2003 kwa njia ya nchi kavu, hadi Julai 2008 mtalii mmoja mwanamke alipopigwa risasi na askari wa Kaskazini na ziara zikasitishwa. Tarehe 15 Oktoba 2024 jeshi la Kaskazini lililipua barabara hiyo upande wake. Reli mpya ya kutoka Gangneung hadi Jejin ilianza kujengwa mwaka 2022. Watu wa Kusini wanajenga njia ya kufika mahali ambapo njia inakatika, na mwenye kulicheka hilo akumbuke vibanda vya Abai: navyo vilijengwa na watu waliotaka kuwa karibu na mlango.

Mara chache mlango ulifunguliwa kidogo. Agosti 2018, wazee 89 walioteuliwa kwa bahati nasibu walikusanyika pamoja na jamaa zao katika hoteli moja ya Sokcho, wakapimwa afya, wakapewa maelezo, na kesho yake wakapanda mabasi kwenda Geumgang kuonana na ndugu, watoto au wapwa waliotengana nao tangu vita. Walipewa siku tatu. Kundi la pili likafuata, na baada ya hapo hakujakuwa na mkutano mwengine. Zaidi ya watu 130,000 wamejiandikisha Korea Kusini tangu mwaka 1988 kutafuta jamaa zao wa Kaskazini, na wengi wao wamekwisha fariki. Mwaka 2025 serikali ya Kusini ilitangaza kwamba Kaskazini inalibomoa jumba lililojengwa mahsusi kwa mikutano hiyo. Wale wazee walipita barabara ile ile ya pwani, wakitoka katika mji ule ule ambao vijana huuendea kwa ajili ya kuogelea. Katika historia yote ya usafiri wa Sokcho, hayo ndiyo mabasi yaliyofika kweli.

Mwandishi Elisa Shua Dusapin, aliyezaliwa na baba Mfaransa na mama Mkorea, aliuweka mji huu katika riwaya yake ya kwanza, Hiver à Sokcho, iliyotoka mwaka 2016, na tafsiri yake ya Kiingereza ikapata tuzo ya Marekani ya National Book Award mwaka 2021. Alichagua majira ya baridi, na alichagua sawa. Kiangazi humwonyesha mgeni ufuo. Baridi humwonyesha mji. Watalii hupungua, moshi hutoka katika mikahawa ya sokoni, mashua za kuvulia ngisi huning'iniza taa zao bandarini, na upepo huteremka kutoka milimani ukabisha milango ya Abai.

Vibanda vya mwanzo vimebaki vichache. Wazee waliokuja wakiwa watu wazima wamekwisha, na waliokuja wakiwa wamebebwa mgongoni ndio wazee wa leo. Wajukuu wao wamezaliwa Sokcho, wamesoma Sokcho, na lahaja ya Hamgyong huijua kwa maneno machache, mengi yakiwa ya vyakula. Wakiulizwa kwao ni wapi, huonyesha mchanga huu. Hilo si kosa lao. Mtu hawezi kulilia nyumba asiyoiona. Lakini limebaki swali ambalo mji mzima unalibeba bila ya kulisema: njia ikifunguliwa siku moja, nani atakuwapo wa kuijua? Ndiyo maana mgeni anayeshuka kwenye basi la saa mbili na nusu, akawa na siku moja tu ya kukaa, anashauriwa aende Abai kabla ya ufuo, alipe zile won mia chache, akamate chuma na kuvuta kwa nguvu zake mwenyewe. Mita hamsini zina uzito wake mikononi. Wenye mtaa wamezivuta maisha yao yote, na hiyo ndiyo ng'ambo pekee waliyoruhusiwa kuifikia.